Swali la Omukama Rumanyika

Mwezi Novemba 1861 wageni wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Speke alikuwa akitafuta chanzo cha Mto Naili, na alibeba vyombo vya kupimia jua na nyota ili ajue mahali alipo.

Katika kitabu chake cha safari kilichochapwa 1863, anasimulia kwamba Rumanyika alimwuliza kama jua la leo ni lile lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Akauliza pia kama mwezi hubadilisha sura ili kutucheka sisi wanadamu.

Tusimcheke. Speke mwenyewe aliona jinsi ngoma zilivyopigwa ikuluni mwezi mpya ulipoandama, na wakuu wakaja kuonyesha utii wao. Mtu aliyetawala kwa kuufuata mwezi alikuwa na sababu ya kutaka kuujua. Mtunga Zaburi ya 8 naye alitazama mwezi na nyota, akajiuliza mwanadamu ni nani hata Mungu amkumbuke. Kuuliza habari za mbingu hakukuletwa kwetu na wageni, wala si dalili ya imani haba.

Miaka 109 baadaye, swali kama hilo liliulizwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, hivyo ni lazima chombo kipande juu. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ile ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Vipimo vya Uhuru viliwasaidia wataalamu kutambua kwamba hapo pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki. Utafiti uliotolewa 2021 umeonyesha kuwa uzito wake ni kama wa majua 21. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa tuje nyumbani. Kijana wa Igurwa akisema anataka kusoma astronomia, huenda mzazi akamwambia kwamba nyota hazipikwi kama ndizi. Mwingine atamwonya kwamba elimu hiyo itamtoa kanisani. Hofu zote mbili zinastahili jibu.

Kwanza, astronomia si unajimu wa kutabiri ndoa na bahati. Huo tuna haki ya kuukataa. Astronomia hupima, huhesabu na hukubali kusahihishwa.

Pili, chakula kipo. Njia huanza na fizikia na hesabu sekondari, kisha shahada ya fizikia, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na masomo ya juu zaidi, mara nyingi nje ya nchi. Wachache watakuwa watafiti. Wengine, kwa ujuzi ule ule wa kuchambua takwimu na kuandika programu za kompyuta, watafanya kazi za hali ya hewa, mawasiliano, benki, au watafundisha fizikia katika shule zetu. Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ametumia miaka mingi kuwaeleza Watanzania habari za anga, kwa hiyo kijana huyo hatakuwa wa kwanza.

Rumanyika alimwuliza mgeni kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwuliza. Wajukuu wetu wasilazimike kufanya hivyo. Mtoto akikuuliza usiku kile kinachong'aa juu ya migomba ni nini, usimnyamazishe. Mwambie unachokijua, kisha mlipie ada akatafute usichokijua. Muumba wa mbingu haogopi kuchunguzwa kwa kazi ya mikono yake.