Mzingile, si shimo

Ukitafuta katika kamusi Kiswahili cha neno la Kiingereza "dungeon", utaelekezwa gerezani: chumba cha chini ya ardhi, giza, minyororo, mfungwa. Kwa riwaya ya kale au somo la historia tafsiri hiyo inatosha. Kwa michezo ya mezani haifai, kwa sababu humo hakuna aliyefungwa. Wachezaji wameingia kwa miguu yao wenyewe, wanatafuta kitu, na wanachohofia ni kama watapata pa kutokea.

Mchezo ninaouzungumzia nitauita mchezo wa uhusika. Watu wanne au watano wanakaa kuizunguka meza. Mmoja ni mwendeshaji, na ndiye pekee anayeijua ramani. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, mwenye jina, uwezo na udhaifu ulioandikwa kwenye karatasi. Mwendeshaji anaeleza kinachoonekana, wachezaji wanasema wanachofanya, na pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu, dadu inarushwa, mara nyingi ile ya pande ishirini. Hakuna mavazi wala jukwaa. Kila kitu kinapita mdomoni, ndiyo maana neno baya linauma hapa kuliko katika mchezo wa kompyuta, ambako picha ingelifunika.

Asili yake ni Marekani, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimbo la Minnesota. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dave Arneson alianza kuwaongoza marafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Kabla ya hapo kundi lao lilicheza michezo ya vita, askari wadogo na mabonde ya kuchora. Arneson akawashusha chini ya kasri, kwenye vyumba na korido, na mchezo ukabadilika. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, alipouona akaunyaka, na mwaka 1974 wawili hao wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za mwanzo, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku.

Kwa nini chini ya kasri? Sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kishairi. Uwandani mchezaji anaweza kwenda popote, na mwendeshaji hawezi kuandaa popote. Ndani ya korido kuna kushoto, kulia, mbele na kurudi. Kila mlango ni swali lenye majibu machache, na mwendeshaji anaweza kuyaandaa yote jioni moja. Kuta zinamsaidia yeye kabla hazijamtisha mchezaji.

Neno "dungeon" lenyewe limesafiri. Wafaransa walikuwa na "donjon", mnara mkuu wa kasri, makao ya bwana mwenye ngome. Mizizi yake inarudi kwenye neno la Kilatini la bwana. Kwa Waingereza likateremka hadi kwenye vyumba vya chini vya kufungia maadui, kisha Arneson na Gygax wakalipeleka kwenye jengo lolote lenye vyumba, hatari na mali. Neno letu la gereza lina safari ya kushangaza vilevile: linatokana na "igreja", kanisa kwa Kireno. Na Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumika kweli kuwa jela hadi mwaka 1958. Kanisa limeishia kuwa kifungo, mnara umeishia kuwa ghala la hazina. Asitokee basi wa kuniambia maana ya mwanzo ya neno ndiyo yenye haki zote.

Wako watakaopendekeza shimo. Ni fupi, linatisha, na mtoto analielewa. Nimelikataa kwa mambo mawili. Kwanza, shimo lina mdomo mmoja: unaingilia hapo na kutokea hapo. Pili, katika pwani yetu neno hilo limebeba mzigo. Kijiji cha Shimoni huko Kwale kina mapango ambayo wenyeji wanayasimulia kuwa mahali walipofungiwa watumwa wakisubiri majahazi. Mtu anaweza kutunga mchezo kuhusu mapango hayo, tena mchezo mzuri, lakini sitaki kila karakana na kila duka la kubuni liitwe kwa jina la mahali hapo. Handaki nalo ni mfereji wa askari. Pango halijajengwa na mtu, na sisi tunazungumzia majengo.

Limebaki mzingile. Kwa wasomaji wa fasihi neno hili si geni. Ndilo jina la riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1991. Ni la ukoo mmoja na zingira na mazingira, ukoo wa kuzunguka na kuzungukwa. Mzingile ni mahali palipojaa njia zinazopinda, zinazokutana, zinazokurudisha ulikotoka. Halisemi kama pako juu au chini, pana giza au taa, ni pa kale au pamejengwa jana. Linachosema ni namna mahali palivyopangwa, na katika mchezo wa uhusika hilo ndilo linalotakiwa.

Liweke kando ya mandhari, istilahi ambayo wanafunzi wa fasihi wanaitumia kwa mahali na wakati wa hadithi. Mandhari yanaelezwa, mzingile unapitiwa. Stendi ya mabasi inaweza kuwa mandhari ya hadithi nzuri bila mtu kujua ina milango mingapi. Ikitakiwa kuwa mzingile, milango lazima ihesabiwe.

Hapo ndipo kazi ya kugeuza mahali pa kila siku inapoanza, na ndipo wengi wanapoiharibu. Wanachukua duka kubwa la kisasa, wanamwita mlinzi zimwi, keshia mchawi, ngazi ya umeme joka, basi wameridhika. Wamebadilisha majina tu. Wachezaji wataingia, watapigana na zimwi, watatoka, na duka halijawa na kazi yoyote. Uchawi ungekuja mwisho. Cha kwanza ni kulisoma jengo lilivyo: funguo ziko kwa nani, mlango upi hufungwa mapema, taka zinatokea wapi, nani anafanya kazi wenzake wakiwa wamelala, na njia ipi wateja hawaijui. Jengo la leo limejaa siri za namna hiyo, na hazihitaji jini.

Mfano ninaoupenda uko palepale Minneapolis. Mwaka 1956, Edina, pembezoni mwa jiji hilo, lilifunguliwa jengo la maduka la Southdale, kazi ya msanifu Victor Gruen aliyekimbia Vienna mwaka 1938. Lilikuwa la kwanza la aina yake Marekani: maduka yote chini ya paa moja, hewa ya vuguvugu mwaka mzima, bustani katikati, nje baridi ikishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Wafanyabiashara wa katikati ya jiji wakaona wateja wanahama. Mwaka 1962 mwekezaji Leslie Park akaunganisha majengo mawili kwa ujia wa kioo uliopita juu ya barabara, ili mtu avuke bila kugusa theluji. Wengine wakafuata. Leo mtandao huo wa vivuko una urefu wa takriban kilomita 15 na unaunganisha vitalu vya majengo vipatavyo 80: benki, hoteli, vinyozi, vibanda vya supu, ofisi za kaunti, hata uwanja wa mpira wa kikapu. Unaweza kushinda humo kutwa bila koti.

Sisemi Arneson aliiga vivuko hivyo; kasri lake lilikuwa kasri. Ila ukitaka mzingile wa kisasa usiohitaji kubuniwa, ni huo. Hauna mpango mmoja, maana ulikua jengo kwa jengo, kila mwenye jengo akijenga kwa akili yake. Sakafu inabadilika ghafla kutoka zulia hadi marumaru, na hapo ndipo unapojua umeingia kwa mwenye mali mwingine. Vivuko vinapinda ndani ya majengo hadi mgeni anapoteza kaskazini. Na kubwa kuliko yote, saa za kufunga hazifanani: huyu anafunga jioni mapema, yule anachelewa, mwingine Jumapili hafungui kabisa. Ramani ya saa kumi alasiri si ramani ya saa tatu usiku.

Mwendeshaji aliyeyashika haya hana haja ya kutisha kwa maneno makubwa. Anasema: "Mko katikati ya kivuko. Chini yenu magari yanapita kwenye theluji. Mlango wa mbele umejifunga mkiuona. Nyuma, taa zinazima moja baada ya nyingine, zikija upande wenu."

"Nani anazizima?"

"Hujui."

"Nahesabu zilizobaki."

"Saba."

Kila mtu mezani anaelewa kuwa taa za majengo huzimwa na saa ya umeme. Kila mtu anaelewa pia kwamba saa ya umeme haitembei. Zimwi likitokea sasa, limetokana na jengo. Na mchezaji makini atakumbuka kuwa dakika kumi zilizopita aliambiwa kuhusu mlango mdogo wa kijivu wa wasafishaji, ambao hakuna aliyejisumbua kuujaribu.

Mlango huo wa kijivu una nasaba yake katika ufundi huu. Jennell Jaquays, katika mzingile wake uliotoka mwaka 1979 kwa jina The Caverns of Thracia, aliwapa wachezaji milango ya kuingilia zaidi ya mmoja, ngazi za siri, na njia za mviringo zinazorudi kwa mgongo wa adui. Vyumba vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi vinamfanya mchezaji abiria. Vyumba vyenye mizunguko vinamfanya aamue. Waendeshaji wa sasa bado wanamtaja wakizungumzia ramani nzuri. Mimi naongeza kwamba ndiye hoja yangu ya mwisho dhidi ya neno shimo.

Miji halisi imeshatumiwa sana na watunzi. Shadowrun ya mwaka 1989 iliweka mazimwi na wachawi Seattle ya baadaye. Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 ikawapa wanyonya damu Chicago. Katika michezo kama huo wa pili watunzi hutumia wino mwingi kueleza kwa nini watu wa kawaida hawaoni yanayotendeka, maana msomaji wao anaamini jiji ni la saruji na uchawi ni wa msituni. Sisi hatuna shida hiyo. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam amekua akisikia habari za mwanamke mrembo aliyeomba lifti usiku, akateremka, na miguu yake ikaonekana ni kwato. Mwaka 1995 hofu ya popobawa iliwatoa watu vyumbani Unguja na Pemba, wakalala nje kwa makundi, na zimwi lenyewe lilisemekana kuingia katika nyumba za kawaida, zenye bati na umeme. Mwandishi wa Kiswahili anayegeuza hospitali au kituo cha mafuta kuwa mzingile anaweza kuziruka kurasa kumi za maelezo. Majini yameshapanga humo.

Tahadhari moja, na niipite upesi. Mwaka 1979 mwanafunzi alitoweka katika chuo kikuu cha jimbo la Michigan, na magazeti yakavuma kwamba amepotelea kwenye korido za mvuke chini ya chuo akicheza mchezo huu. Haikuwa hivyo; matatizo yake yalikuwa mengine kabisa. Lakini uvumi huo ulizaa riwaya na filamu, na kwa miaka mingi wazazi walidhani mzingile ni mahali pa kwenda. Ni karatasi yenye mistari. Anayetaka kuchora jengo halisi alichore kwa yale ambayo mteja yeyote anaruhusiwa kuyaona, na mengine ayabuni.

Kuna watakaosema danjoni, na sitawazuia. Mezani watu huita kitu kwa jina linalokuja haraka. Kwenye kitabu cha sheria napendelea mzingile, wingi mizingile, na mwendesha mzingile kwa yule anayeshika ramani. Jina la Dungeons & Dragons silitafsiri, kama nisivyotafsiri jina la gari.

Kinachobaki kunisumbua ni "level". Kiingereza kinalitumia neno hilo moja kwa kina cha jengo, kwa uzoefu wa mhusika na kwa uzito wa uganga, na Gygax mwenyewe alikiri katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kwamba alifikiria kuyatenganisha, kisha akaacha kwa kuwa watu walishazoea. Kiswahili kinaweza kuyatenganisha tangu mwanzo: ghorofa kwa jengo, nguvu kwa uganga. Kwa mhusika nilikuwa nimechagua daraja, mpaka nilipojaribu kuandika mzingile wa Minneapolis na kukuta sentensi inayosema kwamba shujaa wa daraja la tano amesimama kwenye daraja la tano. Nimehamia kwenye cheo.