Kovu la Kichocho na Picha Iliyolionyesha

Ndugu msomaji, leo tunaizungumzia historia iliyofanyika hapa kwetu, upande wa Msambweni, si mbali na Bodo. Ni historia ya jinsi madaktari walivyopata njia ya kuliona kovu ndani ya mwili bila kumpasua mtu.

Ugonjwa wenyewe ni kichocho, na ni wa zamani sana. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya kichocho ndani ya figo za maiti za Misri zilizokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe ulitambuliwa Cairo mwaka 1851 na Mjerumani Theodor Bilharz.

Kichocho cha kwetu Pwani hushika kibofu. Mnyoo hutaga mayai katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mengine hutoka na mkojo, na hapo ndipo damu huonekana. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu. Mwili huyazingira, nyama huvimba, na miaka ikipita pahali pale huwa kovu gumu. Kovu likibana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, mkojo hurudi nyuma na figo hutanuka. Hatari nyingine ya kichocho kilichokaa miaka mingi ni kansa ya kibofu.

Zamani daktari alipima mkojo tu. Mkojo ulimwambia kuwa mayai yapo, lakini haukumwambia figo zimeumia kiasi gani. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, ilisaidia kiasi, maana kibofu kilichojaa mayai yaliyogeuka kama chokaa huonekana cheupe kwenye picha. Lakini kufikia hapo maji yamekwisha kumwagika. Tena mashine ya eksirei ilikuwa nzito, haikuweza kubebwa hadi shule ya kijijini.

Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza namna ya kutazama tumbo kwa sauti. Hii ndiyo ultrasaundi. Mashine hutoa sauti ambayo sikio halisikii, sauti hupenya mwilini na kurudi kama mwangwi, na mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Wavuvi wa vyombo vikubwa hutafuta samaki kwa njia hiyo hiyo. Haina maumivu wala mionzi. Mgonjwa hunywa maji, hujaza kibofu, kisha hulala chali.

Miaka ya 1980 kazi kubwa ilianza Msambweni. Wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya walishirikiana na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani. Kuanzia mwaka 1984 watoto wa shule walipimwa na kutibiwa kwa prazikwanteli au metrifonati. Ultrasaundi ilitumika kutazama vibofu na figo. Ilionekana kwamba watoto wengi waliokuwa wakicheza na kwenda shule kama kawaida tayari walikuwa na madhara ndani. Ilionekana pia kwamba baada ya dawa, ukuta wa kibofu cha mtoto mara nyingi hurudi hali yake.

Mwaka 2005 matokeo mengine ya Kwale yalichapishwa. Watu wazima waliotibiwa miaka 10 hadi 18 nyuma walilinganishwa na wenzao wa vijiji ambavyo havikupata matibabu hayo. Waliotibiwa wakiwa wadogo walikuwa na madhara machache zaidi ya kibofu. Hata hivyo faida haikuwa katika kila jambo. Dawa huua mnyoo na kuupa uvimbe nafasi ya kupoa, lakini kovu lililokwisha kukomaa huenda lisiondoke.

Swali hilo hilo la uvimbe na kovu huwasumbua madaktari wa matumbo. Wapo watu ambao utumbo wao huvimba kwa miaka, kama katika ugonjwa wa Crohn, hadi njia ya chakula ikawa nyembamba. Uvimbe hutibiwa kwa dawa, kovu mara nyingi huhitaji upasuaji. Picha husaidia, lakini mara nyingi yote mawili huwa pamoja, ndiyo maana daktari humtazama mgonjwa tena baada ya matibabu.

Basi tufanye nini? Konokono wa kichocho hawaishi katika maji ya bahari. Hatari iko katika madimbwi, mabwawa na vijito vya maji baridi, tunakochota, tunakofulia na watoto wanakoogelea. Tusikojoe humo. Mtoto akikojoa damu, usiseme anabalehe, wala usingoje iishe yenyewe, kwani damu inaweza kukoma huku kovu likiendelea. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo na apewe dawa. Dawa ikitolewa shuleni, mruhusu ameze. Na wewe mtu mzima uliyewahi kukojoa damu, ukiumwa kiuno au mkojo ukikusumbua, mweleze daktari habari hiyo na umuulize kuhusu ultrasaundi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kibofu, ndugu yangu, hauna fundi wa kuujenga upya kwa urahisi.

Hadi kipindi kijacho, tuzidi kutunzana.