Kutoka Ng'ambo hadi Soweto

Mzanzibari atakayefika Moshi na kuuliza majina ya mitaa aweza kudhani hajavuka bahari. Ataambiwa Ng'ambo, ataambiwa Miembeni, na baada ya hapo Majengo, jina ambalo Mombasa nako ni maarufu. Kati ya hayo atasikia Rau na Karanga, majina ya mito ya mlimani. Na mwisho Soweto, ambalo si la pwani wala la mlima. Majina haya ni tarehe ya mji, na yafaa yasomwe kama hati.

Njia ya kwanza baina ya mlima na pwani ilikuwa bonde la mto Pangani, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipouona mlima ule, aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekwisha kuijua nchi. Moshi ya wakati huo ilikuwa juu, migombani, na baadaye Mangi Rindi, aitwaye pia Mandara, aliipokea misafara huko. Nguo, shanga na bunduki zilipanda. Pembe zilishuka, na watu pia walishuka, wakiwa wamefungwa. Udugu wa mlima na pwani usisimuliwe kwa kulificha hilo.

Wajerumani walizikata kamba zote mbili. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889; Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Asiyejua aweza kudhani mji umeitwa kwa gari la moshi. Kumbe jina ni la kale kuliko reli. Kilichobadilika ni mahali: mji mpya ulikua tambarare, kando ya stesheni, na ule wa mlimani ukabaki kuitwa Moshi ya Kale. Pangani nayo, iliyokuwa mlango wa nchi yote ile, ilipitwa. Reli moja ilishusha mji mmoja kutoka mlimani na kuufifisha mwingine ufukweni.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliunganisha reli hiyo na Voi, hata mizigo ya Moshi ikapata njia ya Mombasa. Kahawa ya Wachagga, waliounda chama chao mwaka 1925 na kukigeuza KNCU mwaka 1933, ilishuka kutoka mashambani. Mjini lugha ya soko na stesheni ilikuwa Kiswahili. Si lazima kila jina la mtaa liwe limeletwa na mtu wa pwani. Yatosha kwamba mji, ulipohitaji maneno ya kujiita, uliyapata katika lugha ya pwani.

Na Soweto? Huko Johannesburg jina hilo lilichaguliwa mwaka 1963, likiwa kifupisho tu cha maneno ya Kiingereza kuhusu vitongoji vya kusini-magharibi. Mwaka huohuo Kamati ya Ukombozi ya Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam. Damu ya wanafunzi, tarehe 16 Juni 1976, ndiyo iliyolitia heshima jina lililotoka katika jalada la ofisi. Leo ni jina la kata ya Manispaa ya Moshi, na halionekani geni kando ya Ng'ambo na Miembeni.

Katika miaka hii bandari ya Tanga imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima limepangiwa kuishia Chongoleani. Gari la abiria la Dar es Salaam lilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka ishirini. Kila njia mpya husifiwa kwa miji inayoifikia. Pangani yatufunza kuuliza pia ni mji gani utakaopitwa, na ni nani atakayeyahifadhi majina yake.