Resonansi Zisizoonekana: Suala la Sampuli katika Data za Nyutroni, 1956–2011

Nyutroni ya mwendo mdogo inapokaribia kiini kizito, zipo nishati mahususi ambazo kiini huinasa kwa urahisi mkubwa. Vilele hivyo huitwa resonansi. Kila kimoja kina upana wake wa nyutroni, na upana huo hutofautiana mno hata ndani ya kiini kilekile.

Mwaka 1956, Charles Porter na Robert Thomas walipendekeza kwamba tofauti hizo ni za kinasibu na hufuata mtawanyo wa kai-mraba wenye digrii moja ya uhuru. Katika mtawanyo huo, upana mdogo kabisa ndio unaojitokeza mara nyingi zaidi. Hapo ndipo penye ugumu. Kifaa kisichotambua resonansi zenye upana ulio chini ya asilimia 1 ya wastani hukosa takribani asilimia 8 ya resonansi zote. Matokeo yake, wastani wa upana huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na idadi ya resonansi huonekana ndogo. Mvuvi mwenye wavu wa macho makubwa hawezi kutoa ushahidi kuhusu dagaa.

Wachambuzi walizoea kukadiria resonansi zilizokosekana kwa kutumia mtawanyo uleule wa Porter na Thomas. Kwa makadirio ya kiufundi, njia hiyo inafaa. Kama uthibitisho wa nadharia haifai, kwa kuwa data iliyorekebishwa kwa kanuni fulani haiwezi tena kuwa shahidi huru wa kanuni hiyo.

Mwaka 1982, Haq, Pandey na Bohigas walichambua nishati 1407 za resonansi, kutoka viini 27, wakaona zinaafikiana vyema na nadharia ya matriksi nasibu. Mkusanyo huo uliheshimiwa kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mwaka 2010 Paul Koehler na wenzake walipima isotopu za platini 192 na 194 huko Oak Ridge, Marekani. Badala ya kujaza mapengo, walichambua tu upana uliozidi kizingiti walichokiweka wenyewe, wakaukataa mtawanyo wa Porter na Thomas kwa kiwango cha asilimia 99.997. Mwaka uliofuata Koehler aliurudia mkusanyo wa 1982 na kudai kwamba upana uliomo haukubaliani na nadharia.

Hans Weidenmüller alijibu mapema, mwaka huohuo wa 2010: viini vya platini viko karibu na kilele cha nguvu ya mnaso, hivyo namna ya kuondoa athari ya nishati katika upana uliopimwa yenyewe yahitaji kurekebishwa. Kwa jibu hilo, mjadala ulihama kutoka resonansi zilizokosekana hadi namna zilizoonekana zilivyopimwa.