Mrija na Chungu: Habari ya Unyafuzi Katika Mulago

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alipokuwa akitibu watoto mjini Accra, aliwauliza kina mama ugonjwa ule wa kuvimba miguu, kubambuka ngozi na kugeuka rangi ya nywele wao waliuitaje. Wakamjibu kwa lugha ya Ga: kwashiorkor, yaani maradhi yampatayo mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake. Habari zake alizitoa mwaka 1933, na jina lenyewe akalichapisha mwaka 1935. Wenye taaluma hawakumsadiki upesi. Hugh Stannus alishikilia kuwa hiyo ni pelagra tu; hata Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1937 aliandika juu ya pelagra ya watoto. Sisi twauita unyafuzi. Lakini penginepo mama huambiwa amembemenda mwanawe, na neno hilo, tofauti na lile la Waga, humtwika mama hatia asiyokuwa nayo.

Katika miaka ya 1950 Mulago ilipata sifa kwa tiba ya ugonjwa huu. R. F. A. Dean na wenzake walichanganya maziwa, sukari na mafuta. Na kwa kuwa mtoto mwenye unyafuzi hukataa chakula, huketi amenuna wala hataki kuguswa, mchanganyiko ulipitishwa puani kwa mrija hadi tumboni. Ulitiwa kidogo kidogo. Mwili uliozoea uhaba haustahimili shibe ya ghafla. Chumvi za damu huvurugika, na moyo waweza kusimama. Watoto wengi waliokuwa wa kufa wakapona.

Lakini yule mama aliyeketi kando ya kitanda alijifunza nini? Aliona maradhi yakitibiwa hospitali, na maziwa yakiwa ndiyo dawa. Akarudi nyumbani kwenye matoke yale yale. Wengine walinunua maziwa ya unga na chupa, wakayazimua mno, tena kwa maji yasiyo safi. Mrija haukukosea, ila ulimfanya mama mtazamaji.

Ndipo mwaka 1965 ilipofunguliwa hapo Mulago nyumba iliyoitwa Mwanamugimu, jina lililotwaliwa katika methali ya Waganda juu ya mtoto mwenye afya. Humo kina mama walipika wenyewe kitobero: matoke pamoja na maharagwe, karanga au samaki, vikaiva kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Siku hizi wataalamu hawakubali tena kwamba upungufu wa protini peke yake ndio chanzo cha unyafuzi. Na mrija ungaliko, kwa mtoto asiyeweza kumaliza kipimo chake kwa kinywa. Lakini pale Mwanamugimu mama alimlisha mwanawe kwa mkono wake, akaona uvimbe ukishuka siku baada ya siku, kwa chakula alichokijua tangu utoto wake.