Ndugu wa Ngao: Malezi ya Kiroho Wakati wa Kuvuka

Katika Jubilei ya miaka mia moja ni rahisi kuhesabu majengo, kengele na wachungaji waliotutangulia. Ni vigumu kuhesabu watu walioshikwa mkono imani yao ilipoyumba. Naomba niandike juu ya hao, kwa kurejea kwenye shina tulikochipukia, yaani kazi ya Misioni ya Leipzig katika Kilimanjaro.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1902 akaja Bruno Gutmann, ambaye jina lake limefungamana zaidi na Old Moshi, alikohudumu hadi mwaka 1938. Huyu alijua kusikiliza. Aliketi na wazee, akaandika mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga walipovuka kutoka utoto kuingia utu uzima, yakiwemo yale ya mregho, fimbo iliyochongwa alama. Yalichapishwa kwa Kijerumani katika majuzuu matatu, kati ya mwaka 1932 na 1938. Aliona kwamba hapa kwetu mtu havuki peke yake. Huvuka na ukoo wake, jirani zake na rika lake.

Basi hakuwaacha vijana wa Kipaimara wasimame mmoja mmoja. Aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya undugu wa ngao, kwa mfano wa askari wa kale waliokingana vitani. Walipaswa kujuliana hali, kuonyana na kusaidiana, na kifungo hicho hakikukusudiwa kukoma siku ile ya kuwekewa mikono. Malezi ya roho hayakuwa tena kazi ya mchungaji pekee. (Sisi wachungaji hatupendi sana kukumbushwa jambo hilo.)

Umuhimu wake unaonekana tukikumbuka mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee, watu ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Ndio waliofundisha, wakaongoza sala na kuwakusanya waumini. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walipokuja kusaidia katika miaka hiyo ya 1920, walikuta Kanisa likiwa hai.

Hata hivyo, sitaki kumpamba Gutmann kupita kiasi. Aliutegemea mno ukoo na ardhi, akauogopa mji na fedha. Lakini kahawa ilikwisha kuingia, na mwaka 1925 wakulima Waafrika wakaunda chama chao. Vijana walitaka shule na biashara. Kihamba nacho, kikigawanywa kwa wana na wajukuu, hakikuwatosha wote. Ndugu wa ngao akapanda basi kwenda Arusha au Dar es Salaam, na mwenzake akabaki migombani.

Hapo ndipo penye jeraha letu. Nimewazika vijana walioletwa nyumbani kutoka mjini, na katika msafara wote hapakuwa na mtu aliyeweza kuniambia marehemu alisali na nani. Walikuwa wamepata Kipaimara kwetu, na majina yao tunayo.

Daftari letu la Kipaimara lina nafasi ya jina, tarehe ya ubatizo na wazazi. Halina nafasi ya mwenzi wa safari. Nimeliomba Baraza la Wazee liiongeze kuanzia darasa la mwaka huu, pamoja na namba ya simu.