Kitabu Barabarani: Neno la Mungu na Hekima ya Maisha katika Njia ya Unyanyembe

Kitabu cha miaka mia moja kwa kawaida huhesabu wachungaji, majengo na watu waliobatizwa. Hayo yameandikwa katika kurasa nyingine. Mimi nimepewa kazi ya kueleza jinsi Maandiko Matakatifu yalivyoingia katika nchi hii na kuwafunza watu namna ya kuenenda. Na kazi hiyo hainiruhusu kuanza na usharika wetu, kwa maana Kitabu kilipita Tabora kabla sisi Walutheri hatujawa na mahali pa kukutania hapa Ng'ambo.

Kilipita pamoja na misafara. Njia ile itokayo Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa njia ya pembe za ndovu, ya nguo na shanga, na pia njia ya watumwa. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kustarehe. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wenye sifa kuliko wote. Mtu aliyeishi kando ya barabara hiyo alijua bei ya kila kitu, na kwa bahati mbaya hata bei ya mwanadamu.

Daudi Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872 akingojea wapagazi, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alipokuwa Manyema alisoma Biblia yote mara nne. Habari hiyo hupendwa sana katika mahubiri. Ni vema pia tukumbuke kwamba mara nyingi chakula na hifadhi yake vilitoka kwa watu wale wale ambao biashara yao aliichukia. Kusoma hakukumwondoa katika mtego huo. Kulimfanya asiweze kuuzoea.

Lakini mimi napenda kumtazama msomaji mwingine, ambaye jina lake hutajwa kwa nadra makanisani. Ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani, akakombolewa na kulelewa katika shule ya misheni ya Kianglikana karibu na Nasik, nchini India. Huko alifunzwa kusoma, kuandika na kusali. Alifika Kwihara mwezi Agosti 1872 pamoja na wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka Zanzibar, na siku chache baadaye msafara ukaelekea kusini.

Livingstone alipofariki kwa mtemi Chitambo, Mei 1873, Chuma na Susi ndio waliokuwa viongozi wa msafara. Kwa kuwa Wainwright alijua kuandika, waliamuru afungue masanduku ya marehemu na kuorodhesha kila kilichokuwamo, ili asije mtu akadai kwamba vitu vimeibwa. Moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti, Wainwright alisoma sala za maziko, kisha akachonga maandishi katika mti huo. Aliandika pia kumbukumbu za safari kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Msafara ulipokaribia Unyanyembe aliandika barua ya kutoa habari za kifo, na Chuma akatangulia nayo.

Tabora walifika Oktoba 1873. Hapo Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike marehemu papa hapa, maana njia ya pwani ilikuwa ya hatari. Walikataa. Mwezi Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza katika Westminster Abbey.

Kwa maoni yangu, orodha ile ya vitu ni ushuhuda mkubwa kuliko maandishi ya mtini. Watu waliokuwa mbali na kila hakimu, wakiwa na mali ya mtu asiyeweza tena kuwadai, waliihesabu na kuirudisha. Mimi nasoma hapo Luka 16:10, ijapokuwa hakuna aliyeitaja siku ile.

Siku za baadaye za Wainwright hazikuwa za heshima. Baadhi ya Wazungu walimwona mtu wa majivuno. Pengine alikuwa hivyo, na pengine hawakuzoea Mwafrika anayejua thamani ya alichokifanya. Alifariki Urambo mwaka 1892, katika kituo cha London Missionary Society, ambacho daktari Southon alikifungua mwaka 1879 katika nchi ya mtemi Mirambo. Mwaka 1898 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa ndugu zetu Wamoravian, na ndio walioilea Injili katika Unyamwezi kabla yetu. Kwao tuna deni. Wana desturi ya kupokea fungu la Biblia kwa kila siku, iliyoanza Herrnhut mwaka 1728 na kupigwa chapa tangu 1731, na familia nyingi za Kilutheri pia zimeifuata.

Sasa niseme juu ya neno lenyewe. Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja, kazi ya Askofu Steere, lilitoka mwaka 1879. Baadaye Karl Roehl, mmisionari wa Betheli aliyefanya kazi Usambara, alitafsiri upya: Agano Jipya likatoka 1930 na Biblia nzima 1937. Alikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kwa sababu hiyo aliliacha neno "hekima" akaandika "werevu wa kweli". Wengine hucheka, kwa kuwa mwerevu kwetu ni sungura wa hadithi, mtu wa hila. Mimi naona Roehl, labda bila kutaka, aligusa jambo zito. Barabara ya misafara ilijaa werevu. Ilibidi aongeze "wa kweli", naye aliyeisoma Biblia hiyo alilazimika kujiuliza ni upi usio wa kweli. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilirudisha "hekima", na ndiyo iliyoenea.

Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, hakuiacha amri hata moja bila kuuliza maana yake, na kila jibu linaanzia katika kumcha Mungu na kumpenda. Ni njia ile ile ya Mithali: uchaji kwanza, ndipo mambo ya mizani, ya jirani na ya ulimi.

Katika mafundisho ya kipaimara nimezoea kuwapa vijana Mithali 9:10 katika tafsiri ya Roehl na katika Union Version, waziweke pamoja. Hawaanzi na uchaji. Huanza na werevu, nao hutaja majina ya werevu wanaowafahamu sokoni na stesheni, tena kwa mifano. Saa huisha tukiwa bado katika aya hiyo moja, na sura ya kumi hungoja Jumamosi nyingine.